Nakala Niliyomwachia Parrain

Baba alikubali kurekodiwa kwa sharti moja: asiione simu. Alisema akiiona mbele yake maneno yatajipanga kama ya mtu anayehojiwa na polisi. Kwa hiyo nilikuwa naificha ndani ya kikapu cha mkate, chini ya kitambaa, na kikapu nakiweka kwenye kigoda kati yetu, barazani pa nyumba yetu katika mtaa wa Kapata. Alijua simu imo. Wakati mwingine aliinamia kikapu na kutamka neno kwa nguvu zaidi, hasa majina ya watu, ili yasipotee.

Alikuwa mzee wa kampuni. Alitoka upande wa Musumba akiwa kijana, akasafiri kwa lori siku nyingi mpaka Kasaji, akapanda treni, akashuka Kolwezi na viatu vya kaka yake vilivyombana vidole. Kampuni ya shaba ilimpa kazi ya ufundi katika karakana ya mashine za kusaga mawe, na baadaye ikampa nyumba hii, ya nne katika safu yake. Mpaka leo watu wanaiita nyumba ya kampuni, ingawa kampuni ilishaisahau siku nyingi. Mimi ni mtoto wake wa tano, mwalimu wa shule ya msingi. Mume wangu alipofariki nilirudi kuishi na baba pamoja na binti yangu, na ndipo nikaanza kumrekodi, alasiri baada ya shule, msimu mmoja wote wa kiangazi.

Zilikuwa rekodi kumi na mbili. Alisimulia jinsi alivyomwona mama mara ya kwanza akibishana na muuza samaki. Alisimulia mchanga wa Kingamyambo, mabaki ya mawe yaliyosagwa waliyoyamwaga kwa miaka kama uchafu, na jinsi alivyocheka aliposikia kwamba wageni wanayachota upya na kutoa shaba na kobalti ndani yake. "Siye tulikuwa tunatupa, beye banaokota," alisema. Mimi niliuliza maswali. Sauti yangu imo katika kila rekodi: "Na kisha, Tata?" "Alikuwa amevaa nini?" "Ukaogopa?" Kila mara simu ilipojaa niliyahamishia mafaili kwenye kompyuta yangu ndogo, niliyoinunua ikiwa imeshatumika, na kuyaandika nambari.

Rekodi ya tisa ilikuja bila kuulizwa. Siku hiyo nilikuwa nimemwuliza habari za mpira, yeye akainamia kikapu, akasema:

"Mama," hivyo ndivyo alivyoniita, kama baba wengi wa kwetu wanavyowaita binti zao, "ile siku ulizaliwa, mi nilipashwa kuwa ku kazi."

Mama alishikwa na uchungu alfajiri. Baba alikuwa na zamu ya asubuhi. Alikimbia kwa rafiki yake wa karakana, aliyekaa safu ya pili nyuma yetu na ambaye siku hiyo alikuwa na mapumziko, akamwomba aingie mahali pake. Rafiki alivaa, akaenda. Kabla ya saa sita mchana mnyororo wa kunyanyulia vyuma ulikatika, vyuma vikamwangukia, akafa. Baba aliitwa kutoka hospitali, mimi nikiwa mikononi mwake.

"Muke yake hajue kama ile poste, ile zamu, ilikuwa yangu," alisema. "Kila mara nafika pale nataka kumwambia, mulomo inafunga."

Mjane yule alikuwa angali hai, safu ya pili nyuma yetu. Kila mwaka baba alipovuna mahindi ya shamba lake dogo, gunia la kwanza lilikwenda kwake. Nilipokuwa mtoto nilimfuata baba nyuma ya baiskeli, nikishika gunia lisianguke, na mama yule alitupokea kwa furaha, akanipa karanga.

Baba alimaliza hivi: "Ile uweke. Lakini batu basiisikie kama ule mama angali muzima. Ile ni yako, si ya batu."

Baada ya rekodi ya tisa nikaanza kuogopa kuzipoteza. Sababu hazikukosekana. Kuta zetu zina nyufa, kwa sababu mtaani watu wanachimba kobalti mpaka ndani ya viwanja vyao. Wezi wanaingia kupitia paa. Umeme wa Kapata unakatika na kurudi kwa kishindo, na kila nyumba ina televisheni au friji iliyokufa kwa kishindo hicho. Wakati huo serikali ya jimbo ilituletea walimu mafunzo ya kompyuta ya wiki moja, na mkufunzi, kijana mpole wa Lubumbashi, alirudia jambo moja kila siku: kama una kitu usichoweza kukipata tena, weka nakala nje ya nyumba yako. Si kwenye droo ya chini, si chumba cha pili. Nje. Moto ukija, alisema, hautauliza nakala ni ipi.

Nikaanza kutafuta mahali.

Kwanza nilijaribu kuihifadhi kwenye mtandao. Nilikaa asubuhi nzima ya Jumamosi nikipandisha rekodi moja tu. Ilifika nusu, mtandao ukakatika, ikaanza tena kutoka sifuri. Ilipokatika mara ya tatu megabaiti zangu zilikuwa zimekwisha. Isitoshe, sikupenda kutojua sauti ya baba imekaa katika nchi gani.

Nikamfikiria mdogo wangu wa Lubumbashi. Ana moyo mzuri, lakini nyumba yake imejaa watoto, na chochote chenye waya wanakichomeka kwenye televisheni waone kama kina filamu. Nikafikiria ofisi ya parokia. Kabati lake lina funguo tatu na watu saba wanazo.

Aliyebaki alikuwa parrain.

Parrain ndiye baba wa ubatizo, na huyu alikuwa parrain wa binti yangu. Tulifundisha pamoja miaka kumi na mitano, madarasa yetu yakigawana ukuta mmoja. Mume wangu alipokufa ni yeye aliyesimama kaburini akisema maneno ambayo ndugu walishindwa kuyasema. Nyumba yake ni ya matofali, mjini kati, mbali na Kapata, na juu ya paa kuna paneli ya jua. Sebuleni ana kabati la chuma ambamo amepanga matayarisho ya masomo yake mwaka kwa mwaka, kila mwaka na rangi yake. Nilipoliona kabati lile kwa macho ya mtu anayetafuta mahali, nilijiuliza kwa nini nimehangaika.

Nilinunua diski ya nje, ya bluu, nikanakili rekodi zote, nikabandika plasta nyeupe ya hospitali juu yake na kuandika kwa kalamu: BABA. Mkufunzi alikuwa ametuonyesha jinsi ya kuifunga diski kwa neno la siri. Sikuifunga. Nilimwambia parrain hivyo, kwa aibu kidogo, kana kwamba kulifikiria tu kulikuwa kosa.

"Weka mot de passe kama unaogopa," alisema akicheka.

"Hapana. Nitaogopa weye?"

"Basi."

Nilimwomba jambo moja. Nilimwambia kwamba ndani kuna rekodi ya tisa, na baba hataki isikike. "Hata weye, Parrain, usiifungue, tafazali."

"Mama Maîtresse," alijibu, kwa jina wanafunzi wanalomwita mwalimu wa kike, akiiweka diski kwenye rafu ya juu, juu ya mwaka wa rangi ya kijani, "mi niko kabati tu. Kabati haisikilize."

Nilirudi nyumbani mwepesi. Nilimwambia baba kwamba sauti yake sasa ina nyumba mbili. Aliuliza kama ile ya pili ina bustani.

Alifariki mvua za mwaka uliofuata, kwa ugonjwa wa siku nne. Parrain aliongoza sala za matanga. Kwa miezi mingi sikuweza kuzisikiliza rekodi. Nilijua zipo, hilo likanitosha. Kisha mchana mmoja umeme ulirudi kwa kishindo, soketi ya sebuleni ikatoa moshi, na kompyuta ikazimika moja kwa moja. Fundi aliifungua, akanionyesha sehemu nyeusi, akaniambia hata diski ya ndani imeungua. Aliona sikulia, akashangaa. Sikulia kwa sababu nilikuwa nimejiandaa. Siku hiyohiyo nilipanda pikipiki mpaka mjini.

Parrain alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakaa, akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Mama, nikuambie namna gani. Ile diski ilikufa."

Alisema aliiangusha alipokuwa anapanga kabati. Alisema alipoichomeka ilitoa mlio kama panzi, tik, tik, tik, haikufunguka. Alimpelekea fundi, fundi akashindwa, akaitupa. Alikuwa na haya kuniambia, hasa baada ya msiba. Machozi yalimtoka. Niliyaona.

Na mimi nikamfariji. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko mengine. Nilimshika bega nikamwambia vitu vinakufa, hata watu wanakufa, asijitese. Nilimwambia baba asingemlaumu. Mkewe alituletea chai na tukainywa. Niliporudi Kapata niliingia chumba cha baba, nikakaa kitandani pake, na hapo ndipo nilipolia. Nilijaribu kumkumbuka anavyosema jina langu, nikaona tayari sauti inafifia, ninakumbuka maneno tu.

Miezi minane ikapita.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Baada ya shule nilikwenda kwa mshonaji wetu kuchukua gauni la binti yangu la kipaimara. Mshonaji huwa anawasha redio mchana kutwa, sauti ya chini chini, huku anakanyaga cherehani. Nilikuwa nimesimama nikiangalia pindo. Redioni mtu alikohoa.

Nilikijua kikohozi kile kabla sijajua kwamba nimekijua. Mara mbili fupi, moja ndefu, kisha kuvuta pumzi. Halafu baba yangu akasema, "Ile wakati, treni ilikuwa inalia kabla ya kufika, na batoto bote banatoka."

"Ongeza sauti," nilimwambia mshonaji.

Baba alisimulia kituo cha treni. Aliposema kwamba mtu alimpokea, nikafungua mdomo, kwa sababu nilijua kinachofuata. Hapo ndipo niliuliza, "Ni nani, Tata?" Nakumbuka vizuri. Lakini redioni aliyeuliza alikuwa mwanaume. "Ni nani, Tata?" alisema parrain, kwa sauti yake nzuri ya darasani. Na baba yangu, aliyekuwa ardhini karibu mwaka na nusu, akamjibu.

Mshonaji alisema kipindi kile ni kizuri, wazee wanasimulia mambo ya zamani, kinatoka kila Jumatano. "Ule maître anajua kuongea na bazee," alisema. "Huyu tata ya juma hii njo ule ule wa juma iliyopita. Siku ile aliniliza." Akaniangalia. "Mama, kuna nini?"

Mwisho wa kipindi parrain alimshukuru mzee wetu wa Kapata, akasema yeye mwenyewe alimtembelea mara nyingi na kukaa naye barazani.

Niliacha gauni. Njiani kwenda mjini nikaanza kuelewa mambo ya wiki ile: wanawake wa bomba la maji walionyamaza nilipofika, jirani aliyenishika mkono na kusema pole bila kusema ya nini.

Mke wa parrain alinifungulia kwa tabasamu. Parrain mwenyewe alikuwa mezani sebuleni, vipokea sauti masikioni, mbele ya kompyuta. Karibu na mkono wake ilikuwa diski ya bluu. Plasta ilikuwa imechakaa pembeni, lakini neno BABA lilisomeka.

"Ile diski ilikufa?" nilimwuliza.

Alivua vipokea sauti polepole, akanisogezea kiti. "Ikala kwanza, mama."

"Sitaikala."

Mkewe alitutazama mmoja baada ya mwingine. Parrain alipoanza kusema alisema haraka, kama mtu aliyejiandaa siku nyingi.

"Nilifungua tu kuona kama iko muzuri. Nilisikia dakika mbili. Siku ingine tena. Mama, weye mwenyewe hauone ile sauti ni nini? Hawa bajeune, hawa vijana banatoka Kongo yote kuchimba hapa, habajue nani alichimba mbele yabo. Kitu ya vile haiwezi kulala mu kabati."

"Ungeniomba."

"Ungekatala."

"Ndiyo. Ningekatala."

"Unaona," alisema.

Nilitamani kumpiga kwa neno lile kuliko kwa mengine yote. Badala yake nikauliza kwa nini aliiondoa sauti yangu.

Alikuna kidevu. Alisema redio ilikuwa inatafuta mtangazaji, ikamwomba alete mfano wa kazi. Kama msikilizaji angesikia mwanamke anauliza, angejiuliza ni nani huyu, na kipindi kilikuwa chake. Kwa hiyo alikata maswali yangu, akayasema upya yeye mwenyewe, mahali palepale. Alieleza hivyo kama anavyoeleza hesabu ubaoni. Nadhani kwa dakika ile alisahau anazungumza na nani.

"Siku ile nilikuya hapa kutafuta diski," nilisema, "ulilia. Nilikushika bega."

Alizungusha waya wa vipokea sauti kidoleni.

"Na ya tisa?"

"Ya tisa ni nini?" aliuliza mkewe.

Parrain aliangalia sakafu. "Ilipita mu radio juma iliyopita."

"Nilikuomba usiifungue."

"Ile njo muzuri kupita zote," alisema, taratibu, na kwa ukweli. Alikuwa anaisifu.

Nilinyoosha mkono nichomoe diski. "Ngoja, ngoja," alisema, "ingali inaandika, utaiharibu." Na mimi nikangoja. Nilisimama juu yake, mkoba begani, nikimwangalia anavyofunga programu moja moja, anavyobonyeza kitufe cha kuiachia diski salama, mpaka akanipa mkononi. Mkewe alinisindikiza mpaka barabarani. Pale nje alinishika vidole, akasema, "Mi nilikuwa siyue, mama. Nilidhani alikuwa anaenda kwa baba yako." Nilimwamini, ingawa siku hiyo sikuwa nataka kumwamini mtu.

Kesho yake baada ya shule nilikwenda kwa mjane, safu ya pili. Alikuwa uani anachambua maharagwe kwenye ungo. Alinionyesha kiti kwa kidevu. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, lakini alianza yeye.

"Nilimusikia tata yako mu radio."

"Mama, nakuomba msamaha. Haikupashwa kutoka. Niliibiwa."

"Ile poste nilikuwa najua," alisema, macho kwenye maharagwe. "Bwana yangu aliniambia asubuhi ile. Alisema, muke ya mwenzangu anazaa, naenda pahali pake. Alienda na furaha. Miaka hii yote nilikuwa najua."

Nilihisi karibu nafuu, kisha nikaona uso wake haukuwa uso wa mtu aliyesamehe.

"Kitu nilikuwa siyue ni ile ingine," aliendelea. "Tata yako alikuwa analeta mahindi kila mwaka. Mi nilikuwa naona ni juu ya urafiki. Nilikuwa nawaambia batoto, muone, baba yenu aliacha rafiki. Kumbe ilikuwa kitubio. Alikuwa anaingia hapa sawa mutu anaingia kwa padri."

"Alikupenda, mama. Aliwapenda wote wawili."

"Pengine." Akainua kichwa. "Na weye? Ulijua tangu wakati gani?"

"Tangu alipoisema. Kabla hajafa."

"Na ulikuwa unanisalimia kila siku."

"Ndiyo, mama."

Aliendelea kuchambua. Nilimwambia kwamba ninayo rekodi yenyewe, nzima, niliyoihakikisha asubuhi ile kwa kompyuta ya shule, bila sauti ya yule mwanaume, na kwamba akitaka nitamletea asikilize peke yake. Mle ndani, nilisema, kuna mahali baba analia, na labda redioni walipaondoa.

"Hapana," alisema. "Nilisikia mara moya, na majirani bote banasikia pamoja na mi. Inatosha."

Hakunifukuza. Nilikaa, nikachukua ungo wa pili, tukachambua mpaka maharagwe yakaisha. Tangu hapo tunasalimiana kama kawaida, lakini mavuno yaliyofuata nilipompelekea gunia alinishukuru na kuniambia nisijichoshe tena, watoto wake wanamletea unga.

Nilikwenda redioni pia. Mkurugenzi alinipokea vizuri, akaniomba niandike barua. Niliandika. Kipindi kilisimama majuma mawili, kisha kikarudi na mzee mwingine, aliye hai, na parrain yuleyule. Nasikia kweli anajua kuzungumza na wazee. Binti yangu alikuwa na miaka kumi na sita. Sikumwambia la kufanya. Siku ya kipaimara parrain alikuja na zawadi iliyofungwa vizuri, na mtoto akaipokea kwa mikono miwili, akasema asante, akaja kusimama upande wangu. Zawadi ile hajaifungua. Iko juu ya kabati la nguo.

Diski niliisikiliza yote, kwa kompyuta ya shule, siku za likizo. Rekodi nne zilikuwa bado nzima. Ya tisa ilikuwamo, labda kwa sababu aliikata kwenye nakala nyingine asije akaipoteza, kwa jinsi alivyoipenda. Nane zilizobaki alikuwa ameandika kazi yake juu ya zile za asili. Ndani ya hizo mimi simo. Baba anamweleza parrain jinsi mama alivyobishana na muuza samaki.

Baada ya hapo nilichagua upya, na safari hii sikuangalia kabati la mtu. Mwalimu wa kompyuta wa sekondari ya jirani alinionyesha programu inayofunga mafaili kabla hayajatoka kwenye mashine yako, hivi kwamba hata wenye kampuni ya kuyahifadhi hawawezi kuyasikiliza. Nilipandisha moja moja asubuhi mapema, kabla ya masomo, wakati mtandao wa shule hauna watu. Ilinichukua karibu mwezi mzima. Nakala ya pili iko kwenye diski nyingine, nayo imefungwa kwa neno la siri, kwa mdogo wangu wa Lubumbashi, palepale nilipopakataa mwanzo. Neno lile tunalijua mimi na binti yangu tu.

Mdogo wangu alipoichomeka na kuona inaomba neno la siri, alinipigia simu. "Unanifungia mi? Ndugu yako wa tumbo moya?"

"Ndiyo," nilimwambia.

"Juu ya kosa ya mutu mwingine?"

"Ndiyo."

Alikata simu, na kwa wiki tatu hakunipigia. Ana haki. Zamani sikuwa mtu wa kumfungia ndugu, na sijui kama nimekuwa mwerevu au nimeharibika tu. Anaitunza diski, lakini anapoitaja anaiita "kitu yako ile."

Siku za Jumapili nakaa na daftari nikisikiliza zile nane. Baba anasema, parrain anauliza, baba anajibu, na kila swali la parrain nalisimamisha na kujaribu kuandika lililokuwa langu. Mengi nayakumbuka, au nadhani nayakumbuka. Lakini katika rekodi ya sita kuna mahali parrain anauliza kama kazi ilikuwa ngumu, na baba, kwa sauti ya mtu aliyefurahishwa na swali zuri, anacheka kidogo na kusema, "Nyekundu, mama. Nyekundu kabisa, sawa vile hauwezi amini." Parrain hakuisikia "mama" ile, au hakujali. Nimeisikiliza mara nyingi. Sikumbuki nilimwuliza nini.